Ethica ya Spinoza: kitabu kigumu, lakini kinalipa

Ethica ya mwanafalsafa Mholanzi Baruch Spinoza, iliyochapishwa mwaka 1677 baada ya kifo chake, imepangwa mithili ya kitabu cha jiometri, fasili kwanza, kisha hoja na uthibitisho wake. Mpangilio huo unachosha, na msomaji mgeni afadhali aanze na kiambatisho cha sehemu ya kwanza, ambamo jiwe linaanguka kutoka paani na kumuua mtu, nao watu wanaulizia sababu ya kila sababu hadi wanakimbilia mapenzi ya Mungu. Kwa Spinoza, Mungu na Maumbile ni kitu kimoja, kisichotenda kwa kusudi lolote. Sehemu ya nne, inayochambua utumwa wa hisia, ilinivutia zaidi. Ya tano, inapogusia umilele wa akili, haikunishawishi.