Kadi ya grafiki ya nje kwenye kompyuta ndogo: nyota ngapi? Sijui, ngojeni

Kompyuta yangu ni ile ndogo ya kukaa nyuma ya skrini, na kadi ya grafiki, ile inayochora picha za gemu, inakaa nje kwenye kisanduku chake. Nianze na yule wa huduma kwa wateja wa hicho kisanduku, maana bila yeye huenda nisingeandika kabisa. Nimemweleza vizuri tu: gemu imenoga, mara skrini inazima, feni za kadi zinavuma kwa nguvu zote, sauti inaendelea kidogo kisha kimya. Jibu lake: "Ndugu mteja, umehakikisha skrini imewashwa?"

Jamani!

Kila nikijibu ananirudisha mwanzo. Futa draiva (programu inayoendesha kadi), weka upya, zima, washa. Alipochoka akaniambia eti kompyuta ndogo kama yangu haikuundwa kwa ajili ya gemu. Sasa hicho kisanduku chenu cha kadi mnamuuzia nani, wenye kompyuta kubwa ambao kadi zao zinakaa ndani?

Kumbe tatizo ni kebo. Nimeazima kwa rafiki kebo fupi ya OCuLink, yaani ya kuunganisha kadi ya nje na kompyuta, nikaiweka kando ile iliyokuja na kisanduku, na skrini haijazima tena hadi leo. OCuLink inapitisha moja kwa moja mawasiliano ya PCIe, njia ambayo kompyuta na kadi huongea, hivyo kebo ikiwa hafifu au ndefu kupita kiasi yanakatika, na kadi inapotea katikati ya mchezo. Mtu anayelipwa kujibu maswali ya kifaa hiki hakuligusa neno kebo hata mara moja. Hata hili la kuwasha pawa saplai ya kadi kwanza, kompyuta baadaye, nimelipata kwingine, kwa sababu kwangu ukichomeka kompyuta ikiwa imeshawaka Windows haioni kitu.

Nilishaandika "msinunue" kwa herufi kubwa. Nikaifuta. Kwa sababu, kusema kweli, ikitulia ni raha tupu. Skrini iwe imechomekwa kwenye kadi yenyewe, si kwenye kompyuta, maana picha ikilazimika kurudi kwa njia ile ile fremu, yaani idadi ya picha kwa sekunde, zinapungua. Na usiogope 4K, ule ukali mkubwa wa picha. Hapo mzigo mkubwa unaangukia kadi, wala ufinyu wa njia huusikii sana. Ukishuka kwenye ukali mdogo wa 1080p kutafuta fremu nyingi ndipo kompyuta na kadi zinaongea bila kupumzika, na njia nne za PCIe zinaanza kubana: wastani unapendeza, lakini ukikata kona kwa kasi gemu inakwama kidogo. Kadi yenye memori ndogo ndiyo inaumia zaidi, kwa kuwa kinachozidi lazima kipite kwenye kebo hiyo hiyo.

Basi nyota nne. Kompyuta inayojificha nyuma ya skrini inaendesha gemu nzito, nilalamike nini?

Ngoja, ujumbe umeingia sasa hivi: "Tunafurahi kwamba tatizo lako limetatuliwa."

Limetatuliwa na nani? Kebo mpya mmenitumia lini? Tatu. Hapana, mbili, na hizo mbili ni za kadi.