The Wire hadi kipindi cha 60: uzoefu wangu

Nimemaliza kuitazama The Wire, tamthilia ya Marekani inayohusu polisi na wauza dawa za kulevya wa jiji la Baltimore, baada ya miezi miwili ya kuifuatilia usiku, kila umeme uliporuhusu, nyumbani kwangu Mwanga hapa Kigoma. Nilikuwa nimeisikia ikisifiwa kwa miaka mingi, lakini aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, nami nimeumwa na tamthilia nyingi zilizoanza kwa kishindo zikaishia kwa aibu. Kwa hiyo nilichotaka kujua ni kimoja tu: je, ubora wake unadumu hadi mwisho?

Ina misimu 5 yenye vipindi 60, vilivyorushwa na kituo cha televisheni cha HBO kuanzia Juni 2002 hadi Machi 2008. Mtunzi wake, David Simon, alikuwa mwandishi wa gazeti la Baltimore Sun, na mwenzake Ed Burns alikuwa mpelelezi wa polisi kabla ya kuingia darasani kufundisha. Kila msimu huhamia upande mwingine wa jiji: kwanza mitaa ya wauza dawa, kisha bandari, kisha siasa, kisha shule, na mwishowe chumba cha habari. Lugha yake ni ngumu. Kiingereza cha vijana wa Baltimore si kile tulichofundishwa shuleni, na bila maandishi ya chini nisingeambulia nusu yake.

Msimu wa pili ndio ambao watazamaji wengi huulalamikia, kwa kuwa unawaacha ghafla wahusika waliokwisha kuzoeleka na kutupeleka bandarini, ambako maiti za wanawake 13 zinagunduliwa ndani ya kontena. Mimi, ambaye riziki yangu inatokana na kujaza nyaraka za mizigo, niliuelewa upesi kuliko misimu yote. Frank Sobotka, kiongozi wa chama cha wapakuaji, anavunja sheria kwa sababu meli zimepungua na watu wake hawana zamu. Siku ambazo hakuna meli ya Kalemie wala Bujumbura, nimewaona makuli wetu wakikaa kivulini tangu asubuhi, wakicheza drafti kwa vizibo vya soda.

Na ni drafti hiyo iliyonithibitishia kwamba tamthilia hii haipotezi uzi wake. Katika msimu wa kwanza, vijana wawili wauza dawa, Bodie na Wallace, wanacheza drafti kwa kete za sataranji, hadi D'Angelo, msimamizi wao, anapowasimamisha na kuwafundisha mchezo wenyewe: kwamba mfalme hulindwa na wote, na kwamba kete ndogo za mbele hufa mapema. Misimu mitatu baadaye, Bodie, akiwa amechoka na kusalitiwa, anajifananisha mwenyewe na kete hizo. Hakuna anayetukumbusha somo lile la zamani. Mtazamaji anaachwa alikumbuke peke yake. Kwangu mimi, msimu huo wa nne, unaowafuata wavulana wanne wa shule, ndio kilele cha kazi nzima.

Msimu wa tano ndio unaoyumba. Mpelelezi McNulty, akitafuta fedha za uchunguzi ambazo jiji limezinyima, anabuni muuaji asiyekuwepo kwa kuzichezea maiti za watu wasio na makazi. Shemeji yangu, aliyekuwa akitazama nami, aliuliza, "Shemeji, huyu McNulty amelogwa?" Sikuwa na jibu. Tamthilia iliyokuwa ikikataa kila njia ya mkato ilijiruhusu kioja, tena katika msimu wenye vipindi 10 tu, wakati mingine ina 12 au 13, hivyo kioja hicho hakikupewa muda wa kuaminika. Mhariri wa gazeti naye amechorwa mwema mno na mwandishi wake mwongo mno. Nahisi Simon alikuwa na hasira na kazi yake ya zamani.

Hata hivyo mwisho wenyewe haukuniangusha, ingawa nusura niuhukumu isivyo haki. Faili ya kipindi cha mwisho niliyorushiwa kwenye flashi ilikuwa pungufu: ilikatika baada ya saa moja hivi, nasi tukaamini kwamba ndiyo tamati, tukalala tumenuna. Nilipopata nakala kamili ndipo nilipoona kile tulichonyimwa. Michael, mmoja wa wale wavulana wa shule, anawapora wauza dawa kwa bunduki kama alivyokuwa akifanya Omar, ambaye tayari ameuawa na mtoto mdogo dukani akinunua sigara. Rafiki yake Dukie anaingia kwenye dawa mahali alipotoka Bubbles, mraibu wa siku nyingi. Naye Bubbles, ambaye dada yake alimruhusu kulala kwenye chumba cha chini ya nyumba tu huku mlango wa juu ya ngazi ukifungwa kwa ufunguo, anapanda ngazi zile na kuketi mezani kula na familia. Hakuna hotuba inayotolewa. Ni ngazi, mlango na sahani ya chakula.

Ningeitazama tena, msimu wa tano ukiwemo. Yeyote atakayerushiwa na kijana wa laibrari ya filamu aangalie kwanza urefu wa kipindi cha mwisho: kikiwa kamili kinazidi saa moja na nusu.