Okeh 40113: santuri pekee ya Fate Marable, na namna ya kuisikiliza

Anayetaka kumsikia Fate Marable, mpiga piano na kiongozi wa bendi ya jazz, hana pa kuchagua. Ni santuri hii au basi. Upande mmoja una "Frankie and Johnny", wa pili "Pianoflage", zote zilirekodiwa New Orleans Machi 1924, kampuni ya santuri ya Okeh ilipopeleka mitambo yake huko. Kila upande ni dakika tatu hivi. Kijana huyu wa Paducah, Kentucky, alianza kupiga piano kwenye meli za mvuke za familia ya Streckfus mwaka 1907, akaongoza bendi zake Mto Mississippi kwa miongo kadhaa. Kuachiwa dakika sita tu ni dhuluma.

Kabla hujatoa pesa, jua kwamba Louis Armstrong, mpiga tarumbeta maarufu wa jazz aliyewahi kuwa kwenye bendi ya Marable, hayumo. Jina lake hutajwa sana santuri hii inapouzwa, lakini yeye alishaondoka melini mwaka 1921. Tarumbeta unazozisikia ni za Sidney Desvigne na Amos White, na ngoma ni za Zutty Singleton.

Wengi huisikiliza mara moja wakasema bendi imekaza mno, haina moto wa New Orleans. Imekaza kweli, na ndivyo Marable alivyotaka. Abiria walipanda meli kucheza dansi, wenye meli walisimamia mwendo wa kila wimbo, na mwanamuziki asiyejua kusoma noti alilazimika kujifunza humo humo. Armstrong mwenyewe alipigwa msasa huko. Kwa hiyo anza na "Pianoflage". Roy Bargy aliitunga kwa ajili ya piano, ina noti nyingi za mbiombio, na kuigawa kwa bendi nzima bila kukanyagana si kazi ya wapigaji wa kubahatisha. "Frankie and Johnny" ni nyepesi zaidi, hata ukiiacha kwa baadaye hukosi kitu.

Kasoro kubwa ni sauti, na lawama si ya bendi. Mwaka 1924 Okeh bado ilirekodi kwa pembe kubwa iliyokusanya sauti, bila maikrofoni. Mtetemo wa ngoma kubwa uliweza kuirusha sindano inayochonga, ndiyo maana wapiga ngoma wa enzi hizo walibanwa kwenye vibao vya mbao na matoazi. Piano nayo humezwa na vyombo vya kupuliza. Kaliope ndiyo haimo kabisa: ile filimbi ya mvuke iliyoita abiria kutoka mbali, ambayo Marable aliipiga amevaa glovu kwa sababu vitufe viliunguza, na koti la mvua kwa ajili ya mvuke.

Ukiwa na santuri yenyewe, usitumie sindano ya LP, yaani ya santuri za plastiki za baadaye. Ni nyembamba, inazama hadi chini ya mfereji na kuokota uchafu. Tafuta ya mikroni 75 hivi. Weka mono (sauti ya njia moja), zima kisawazishi cha LP (kinachorekebisha uwiano wa besi na sauti za juu), kisha rekebisha kasi kwa sikio, maana si kila santuri ya wakati huo ilichongwa kwa mizunguko 78 kamili kwa dakika. Ukiiweka kwenye gramafoni ya kuzungusha kwa mkono, badilisha sindano ya chuma kila upande. Iliyotumika huwa imechongoka vibaya na inakwangua mifereji. Kuisafisha, maji yaliyochujwa na tone la sabuni laini yanatosha, bila kulowesha lebo. Spiriti hapana kabisa, inayeyusha shelaki, malighafi ya santuri hii.

Kwa wasio na mashine, nchini Marekani rekodi hizi ni mali ya umma tangu Januari 1, 2025, kwa hiyo nakala ya kidijitali haina haja ya kununuliwa. Shida ni usafishaji. Fundi akizidisha kuondoa mikwaruzo, matoazi ya Singleton hugeuka pumzi na tarumbeta husikika kama zimefunikwa blanketi. Chagua nakala yenye mikwaruzo kidogo.

Ya kununua, omba picha ya kila upande ikiwa imemulikwa kwa taa ya kuinamishwa. Mifereji iliyochakaa huonekana ya kijivu, na hiyo hairudi kwa kusafisha. Ufa wa nywele ukigusa mifereji utagonga kila mzunguko. Safarini iwekwe kati ya makaratasi magumu mawili, ndani ya boksi lenye nafasi ya kujaza vitu laini pande zote. Shelaki haipindi, inavunjika.