Wavorlon wa Babylon 5: Uzoefu Wangu wa Kuitazama Tamthilia Nzima kwenye Diski

Nilinunua seti ya diski za Blu-ray za Babylon 5, tamthilia ya televisheni kuhusu kituo cha anga, ile iliyotolewa mwishoni mwa mwaka 2023, kwa sababu moja mahususi: nilitaka kuwafuatilia Wavorlon, viumbe wa kale na wasiri kutoka nyota za mbali, tangu wanapojitokeza hadi wanapoondoka, bila kuruka kipindi hata kimoja. Tamthilia hii iliyobuniwa na J. Michael Straczynski ilianza kwa filamu ya utangulizi mwaka 1993, kisha ikaendelea kuanzia 1994 hadi 1998 kwa misimu 5 yenye vipindi 110. Hadithi za kubuni za kisayansi zimejaa viumbe wa ajabu kutoka sayari za mbali, lakini mara nyingi ukifunua pazia hukuti kitu nyuma yake, kwa kuwa hata mtunzi hakuwa ameamua kuna nini. Wavorlon walifichwa na mtu aliyejua anachokificha, na ndiyo maana ninaithamini sana seti hii. Ambaye hajaitazama bado ajue kwamba nitayataja baadhi ya matukio makubwa.

Kwa muda mrefu mtazamaji anamfahamu Mvorlon mmoja tu, Balozi Kosh Naranek, anayeishi katika kituo cha anga pamoja na mabalozi wa mataifa mengine ya nyota. Anatembea ndani ya vazi kubwa lenye mabega mapana yaliyopanda juu kuliko kichwa, na kichwa chenyewe hakina uso, bali kina jicho moja la duara linalofunguka na kufunga kama lenzi ya kamera. Kabla hajasema neno, husikika kwanza milio laini inayofanana na muziki, halafu ndipo inapofuata sauti ya mwigizaji Ardwight Chamberlain, fupi na nzito. Jeffrey Willerth, aliyekuwa ndani ya vazi hilo, hakuwa na uso wala mikono ya kuigizia, lakini baada ya vipindi kadhaa nilijikuta ninasoma hali ya Kosh kwa namna anavyogeuza kichwa au anavyochelewa kujibu. Katika filamu ya utangulizi anatiliwa sumu mara tu anapowasili, na watu wawili, daktari wa kituo na Lyta Alexander mwenye uwezo wa kusoma mawazo, wanalazimika kumkaribia kuliko binadamu yeyote kabla yao. Msimu wa kwanza unapoanza, wote wawili wameshaondolewa kituoni.

Kipindi kilichonionyesha ubora wa uandishi huu ni kile cha msimu wa kwanza ambamo wazazi wa mtoto mgonjwa, ambao imani yao inakataza upasuaji, wanabisha hodi kwa kila balozi kuomba msaada dhidi ya daktari. Wote wanakataa, kila mmoja kwa sababu zake za kisiasa. Kosh anawajibu tu kwamba maporomoko yameshaanza na kokoto zimechelewa kupiga kura, kisha hasemi zaidi. Ukilisikia jibu hilo mara ya kwanza unaweza kulichukua kuwa fumbo la mzee mwenye hekima. Nilipolirudia baada ya kumaliza tamthilia nzima, nilisikia kitu kingine kabisa: huyu ni kiumbe ambaye kwake familia ile, na pengine binadamu wote, ni kokoto kweli. Sifa hii hasa ndiyo inayoifanya diski inifae kuliko kukiona kipindi mara moja kikapita, kwa sababu maneno ya Kosh yameandikwa ili yarudiwe.

Mwishoni mwa msimu wa pili kuna vipindi viwili vinavyofuatana ambavyo ningemwomba kila mtazamaji avitazame kwa pamoja. Katika cha kwanza, Wavorlon wanamtuma mhojaji aitwaye Sebastian, binadamu waliyemchukua kutoka London mwaka 1888, aje kumpima Delenn, balozi wa Waminbari kituoni, kwa mateso huku akimuuliza swali moja tu bila kuchoka: wewe ni nani? Tunapogundua mwishoni mhojaji huyo alikuwa muuaji gani katika maisha yake ya awali, hatuna budi kujiuliza ni watu wa aina gani wanaochagua mtumishi kama huyo. Kipindi kinachofuata, Kosh anatoka katika vazi lake mbele ya umati ili kumwokoa Kapteni Sheridan, mkuu wa kituo, anayeanguka, na badala ya dude la kutisha tunaona kiumbe wa nuru mwenye mabawa. Binadamu wanaona malaika, na watu wa mataifa mengine ya nyota wanaona viumbe watakatifu wa imani zao: Mnarn anamwona G'Lan, Mdrazi anamwona Droshalla. Balozi Londo Mollari peke yake anasema hakuona kitu.

Mandhari hayo ni mazuri mno, na yananigusa kila ninapoyatazama. Hata hivyo, uzuri wake ni ushahidi wa jambo baya, kwani baadaye tunaelewa kwamba Wavorlon walizichezea jamii changa kwa karne nyingi ili zikiwaona ziwaheshimu. Mtunzi angeweza kuuweka ufichuzi wa nuru peke yake tukashangilia, lakini ametanguliza mhojaji wa London, akatuachia sisi kazi ya kuunganisha mambo hayo mawili.

Msimu wa tatu unatoa malipo makubwa zaidi. Sheridan anamshinikiza Kosh awaamuru Wavorlon wapigane na adui yao wa kale, Shadows, ili mataifa mengine yapate moyo. Kosh anakasirika hadi anamrusha kapteni kwa nguvu isiyoonekana, kisha anakubali, akiongeza kwamba hatakuwepo kumsaidia Sheridan atakapokwenda Z'ha'dum, sayari ya Shadows. Sheridan anadhani ananyimwa msaada kama adhabu. Kosh alikuwa anaaga. Anapouawa usiku huo, anamjia Sheridan ndotoni kwa sura ya baba yake, na mimi niliyekuwa nimemzoea akiwa sanduku lisilo na uso niliumia kuliko nilivyoumia kwa wahusika wengi wenye nyuso. Mrithi wake, Ulkesh, ana vazi jeusi zaidi na hana chembe ya huruma, na kupitia yeye tunatambua kwamba Kosh ndiye aliyekuwa tofauti na wenzake. Muda si mrefu Wavorlon wanaanza kuangamiza sayari nzima, mradi tu adui ana ushawishi humo.

Sehemu isiyoniridhisha ni kuondoka kwao. Mgogoro uliojengwa kwa miaka mitatu unamalizika katika kipindi cha 6 cha msimu wa nne, pale Sheridan na Delenn wanapozikataa pande zote mbili na kuziambia ziondoke. Wazo lenyewe ni sahihi na linaendana na maswali yote yaliyotangulia, ila mazungumzo ni ya haraka, na Wavorlon wanakubali kuiacha galaksi kwa wepesi ambao Ulkesh asingeuonyesha. Sababu inajulikana: watengenezaji hawakuwa na hakika ya kupata msimu wa tano, hivyo walibana matukio mengi katika wa nne. Ninalielewa hilo, na bado ningetamani vipindi viwili zaidi.

Kuhusu picha, nimeridhika. Sehemu zilizoigizwa zimesafishwa upya kutoka kwenye ukanda wa awali wa kupigia picha, na sasa mikunjo na rangi za vazi la Kosh zinaonekana waziwazi. Umbo la picha ni lile la televisheni za zamani, 4:3, na ni uamuzi mzuri kwa kuwa michoro ya kompyuta ilitengenezwa kwa umbo hilo. Michoro yenyewe imebaki laini na hafifu kidogo, ingawa vyombo vya Wavorlon, vilivyo hai na vyenye umbo kama ua lililofumba, havipotezi mvuto.

Anayenunua kwa ajili ya Wavorlon asishawishike kuuruka msimu wa kwanza kwa sababu ya mwendo wake wa polepole, maana mbegu nyingi zimepandwa humo. Wala asiishie msimu wa nne akidhani habari yao imekwisha, kwa kuwa msimu wa tano unamfuata Lyta, ambaye Wavorlon walimbadilisha kwa ajili ya vita vyao na kumwacha na nguvu ambazo hakuna anayejua azitumie vipi.