Tathmini ya Huduma ya Afya Katika Shule Anakosoma Binti Yangu

Wazazi wengi huuliza matokeo ya mitihani kabla ya kumwandikisha mtoto shule, lakini ni wachache wanaouliza kama shule hiyo hupima macho. Huduma ya afya inayotolewa katika shule ya msingi anakosoma binti yangu ni nzuri kwa sehemu kubwa, ingawa ina upungufu ambao uongozi hauna budi kuurekebisha.

Upimaji wa macho ndio unaostahili sifa kuliko yote. Muuguzi humsimamisha mtoto umbali wa mita 6 kutoka kwenye chati yenye herufi E iliyogeuzwa pande mbalimbali, humfunika jicho moja kwa kadi, kisha humwomba aonyeshe kwa vidole miguu ya herufi hiyo inaelekea upande gani, hivyo hata mtoto ambaye bado hajui kusoma hupimwa vizuri. Kufunika jicho mojamoja kuna maana kubwa, kwa kuwa jicho zima huficha udhaifu wa lile jingine, na mtoto ambaye tangu azaliwe haoni sawasawa hawezi kulalamika, maana hajui wenzake wanaona nini. Ubao ukimpotea, hunakili kwa jirani yake, na mwalimu humdhania mzembe.

Hata hivyo, upimaji ni nusu tu ya kazi. Katika shule aliyosoma awali, watoto walipimwa vilevile, fomu zikajazwa na kufungiwa kabatini, wala sikupata taarifa yoyote. Hapa, binti yangu alipobainika kuwa haoni vizuri kwa jicho la kushoto, barua ya rufaa ilitufikia siku hiyohiyo, na mwalimu wa darasa alikuwa amekwisha kumhamishia dawati la mbele. Baadaye muuguzi alipiga simu kuuliza kama tumekwenda kwa mtaalamu wa macho. Matokeo hayasomwi mbele ya darasa, jambo ninalolishukuru sana, kwa sababu mtoto anayetaniwa kwa ajili ya miwani huivua mara tu anapotoka nyumbani.

Dawa za minyoo hutolewa kwa utaratibu mzuri: mzazi hujulishwa mapema, na mtoto hutafuna kidonge kimoja cha albendazole cha miligramu 400 mbele ya muuguzi. Shirika la Afya Duniani hupendekeza dawa hizo zitolewe mara moja kwa mwaka mahali ambapo angalau asilimia 20 ya watoto wameambukizwa, na mara mbili pale maambukizi yanapozidi asilimia 50. Minyoo aina ya safura hunyonya damu, na mtoto aliyepungukiwa na damu huchoka na kusinzia darasani hata akiwa na akili nyingi. Kwa kuwa dawa huua minyoo iliyomo tumboni bila kumkinga mtoto asiambukizwe tena, nilikwenda kuangalia vyoo: mabomba yana maji, sabuni ipo, na vyoo vya wasichana vina milango inayofungika kwa ndani na ndoo za taka zenye vifuniko.

Upungufu wa kwanza ni masikio, ambayo hayapimwi kabisa. Mtoto aliyejaa majimaji nyuma ya ngoma ya sikio husikia sauti ya mwalimu kama mnong'ono, akakosea maagizo, akaitwa mtukutu au mzito wa kuelewa, ilhali tatizo hilo aghalabu hutibika. Shule inayojali macho kiasi hiki haina sababu ya kuyasahau masikio.

Upungufu wa pili ni kipindi cha michezo, ambacho hugeuzwa kuwa cha marudio kila mitihani inapokaribia. Shirika hilohilo linataka watoto wa miaka 5 hadi 17 wapate wastani wa angalau dakika 60 kwa siku za shughuli zinazoutikisa mwili, na kipindi hicho kwa baadhi yao ndicho nafasi pekee ya kukimbia. Nimelifikisha suala hili kwenye kikao cha wazazi, na mwalimu mkuu ameahidi kulijadili na walimu wenzake.

Naipendekeza huduma hii kwa mzazi yeyote anayetafuta shule. Anapokwenda kuulizia nafasi, aulize pia ni nani hufuatilia barua ya rufaa baada ya mtoto kupimwa, na aombe kuonyeshwa vyoo.