Konsoli ya seva: kebo ya COM1 au kupitia mtandao?

Swali hili haliishi kwa wanaotunza seva: BIOS (programu inayoiamsha seva) ielekeze konsoli, yaani skrini ya maandishi ya kuiendeshea seva, kwenye poti ya siriali ya COM1, au ipitie mtandao kwa IPMI, njia ya kuisimamia seva ukiwa mbali?

Kwa gharama, COM1 haina mpinzani. Unahitaji kebo na adapta ya USB, basi. IPMI inataka seva yenye BMC, kile kikompyuta cha pembeni kinachobaki macho hata seva ikizimwa, mradi umeme upo.

Swichi ikifa, IPMI nayo imekwenda, kebo haijali. Ila kebo hiyo ya siriali (RS-232) huhesabiwa mita 15 hivi, na seva ikiganda usiku wa manane lazima mtu aende. Kwa IPMI unaizima na kuiwasha ukiwa kitandani.

Mipangilio ndiyo inayotesa watu, pande zote mbili. BIOS ikiwa kwenye kasi ya 115200 na programu unayoisomea konsoli ikiwa 9600, utaona takataka tupu. Kwenye seva nyingi konsoli ya IPMI hukaa COM2, ambayo Linux huiita ttyS1, hivyo iambiwe console=ttyS1,115200n8, si ttyS0 (COM1). Ukisahau, BIOS itaonekana vizuri, kisha kimya mara Linux inapoanza. Na kama GRUB, kipakiaji cha Linux, ina konsoli yake ya siriali, zima kwenye BIOS uelekezaji wa baada ya POST (ukaguzi wa seva inapowaka), la sivyo herufi huenda zikatoka mbili mbili.

Kebo haidai nenosiri wala masasisho. BMC inadai vyote, na isiachwe wazi kwenye intaneti hata siku moja.

Seva moja chini ya meza? Kebo inatosha. Rafu iko mji mwingine? IPMI, na kebo ya akiba iachwe hapo hapo.