SQL au Kiswahili cha kawaida: uiulize vipi hifadhidata?

Mwenye duka la jumla kule Kamukunji anataka kujua ni wateja gani hawajalipa tangu mwezi uliopita. Amtafute kijana anayejua SQL, lugha ya kompyuta ya kuulizia hifadhidata, au aandike swali lake kama anavyolisema, programu ya akili mnemba iligeuze kuwa SQL?

SQL ilitoka IBM miaka ya 1970, kazi ya Donald Chamberlin na Raymond Boyce. Haina huruma: hujibu ulichoandika, si ulichokusudia. Lakini unaweza kuisoma amri mstari kwa mstari ukajua jibu limetoka wapi. Sharti ujue majina ya majedwali yanayotunza data na yanavyoungana, na hapo ndipo wengi hukwama.

Kuuliza kwa lugha ya kawaida si jambo jipya. Mwanzoni mwa miaka hiyohiyo, mfumo wa LUNAR ulijibu maswali ya Kiingereza kuhusu mawe ya mwezini. Tatizo ni kwamba maneno yetu yanateleza. "Mwezi uliopita" ni siku 30 nyuma, au mwezi wa kalenda? Na aliyetuma nusu kwa M-Pesa, amelipa au hajalipa? Programu mara nyingi hukisia bila kukwambia, kisha inakupa orodha safi kabisa yenye kosa ndani.

Mimi ningeuliza kwa Kiswahili nikitaka kuchungulia mauzo ya jana tu. Hesabu za kupeleka KRA, mamlaka ya kodi ya Kenya, hapana. Hizo nataka SQL iliyokaguliwa na mtu. Na programu yenyewe ipewe ruhusa ya kusoma peke yake, isiweze kufuta chochote.